Fundi Dakika Kumi

Watu walimwita Fundi Dakika Kumi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akitengeneza pampu za maji na mabomba ya majumbani, na hakuna mteja aliyeachana naye bila kusomewa somo moja. Akishakaza nati ya mwisho na kufuta mikono kwa tambara lake jeusi, alimsimamisha mwenye nyumba mbele ya pampu na kuanza. Pampu hii usiiache ikakaa. Hata kama tangi limejaa, hata kama mvua inanyesha na huna shida na maji, kila wiki iwashe dakika kumi. Kazi haitaiua, ila kukaa kutaiua. Ikikaa inaganda ndani, na siku utakayoihitaji utabonyeza swichi, nayo itakunung'unikia tu.

Wateja walichoka kumsikiliza. Wengine walimwahi kabla hajafungua mdomo, "Najua, Fundi, dakika kumi," na wengine walimwigiza akishafunga geti. Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Siku Fundi akijinyoosha kwenye kochi baada ya chakula, mwalimu alipita na kumzaba kofi la mguu: "Amka tukuwashe dakika kumi, usije ukatugandia hapo." Kisha akicheka, nyumba ya tatu walisikia, maana sauti ya mwanamke yule haikuwa ya mchezo. Wanafunzi walimpa jina la Spika. Alikuwa na uwezo wa kumwita mtoto aliye upande wa pili wa uwanja bila kutoka darasani, na mtoto huyo akaja mbio, na wengine wawili wasioitwa wakaja naye kwa woga.

Sasa Spika alikuwa amelala kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, kitanda cha mwisho karibu na dirisha, na sauti hakuwa nayo hata ya kufukuza inzi. Bomba lilipita mdomoni mwake hadi kooni, mashine ikimsukumia hewa usiku na mchana. Hiyo ilikuwa siku yake ya thelathini na nne hapo.

Ilianza na homa tu. Mwalimu alifundisha nayo siku mbili, kwa ubishi wake, na siku ya tatu akaanguka mbele ya ubao na chaki mkononi. Hospitali wakasema ni homa ya mapafu, imeshika pande zote mbili, na kabla jua halijazama alikuwa kwenye mashine.

Siku iliyofuata ndipo Fundi alipofanya lile jambo. Alimkuta mkewe yuko nusu macho nusu usingizini, anashindana na mashine. Mashine ikisukuma, yeye anatoa. Mashine ikipumzika, yeye anavuta. Kifua kinapanda kwa kishindo, jasho linamtiririka shingoni, kengele ya mashine inalia, inanyamaza, inalia tena. Macho yalimtoka, akamtazama mumewe kama mtu anayezama. Fundi hakuweza kuvumilia. Alimshika muuguzi mkono, jambo ambalo si adabu, na machozi yakamlengalenga.

"Sista, nakuomba. Mwacheni apumzike. Mwanamke huyu amepiga kelele miaka thelathini, amechoka. Mashine si ipo? Basi ifanye yenyewe kazi yote."

Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alimtazama, akamtazama mgonjwa, akaenda kwenye simu ya ukutani kuongea na daktari wa zamu. Baada ya muda mfupi dawa ya usingizi iliongezwa. Kengele ikanyamaza. Kifua cha mwalimu kikaanza kupanda na kushuka taratibu, sawasawa, bila ugomvi wowote, na uso wake ukalainika. Fundi alimshukuru sista mara nne. Alirudi nyumbani akalala fofofo.

Siku kumi na mbili mwalimu alilala hivyo. Wagonjwa walikuwa wengi, wauguzi wachache, na mgonjwa aliyetulia ndiye anayeshukuriwa na kuachwa. Halafu zikaja habari njema: picha ya mapafu ilikuwa safi. Homa imekwisha. Wakapunguza dawa ya usingizi, wakamwamsha, mwalimu akafumbua macho, akamjua mumewe, akamjua binti yao. Binti alikuwa msusi, na siku hiyo alifunga saluni mapema, akaja na kitana kumtengeneza mama nywele ili asitoke hospitali akiwa kama ametoka vitani. Daktari akasema sasa tutamjaribu apumue mwenyewe kidogo, tukiridhika bomba tunalitoa.

Alipumua dakika sita. Dakika ya saba midomo ikabadilika rangi, wakamrudisha kwenye mashine. Kesho yake alifika dakika nne. Siku ya tatu, mbili na nusu.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, alimwita Fundi pembeni na kumchorea nyuma ya karatasi ya vipimo. Alichora mbavu, na chini ya mbavu akachora mstari uliopinda. Huu ni msuli, akasema, mwembamba, umetandazwa hapa kama turubai. Ndio unaovuta hewa. Mapafu yenyewe hayana nguvu, yanavutwa na huu. Sasa mgonjwa akiwa mahututi, ugonjwa wenyewe unaula huu msuli. Na mashine ikimfanyia kila kitu, msuli unakosa kazi, unanyauka. Haichukui miezi, mzee. Ni siku chache tu.

Fundi aliitazama ile karatasi.

"Kwa hiyo umeganda," akasema.

"Samahani?"

"Msuli. Umekaa bila kazi, ukaganda."

Daktari alifikiri kidogo, akasema ndiyo, kwa namna fulani unaweza kusema hivyo.

"Ni mimi niliyesema apumzishwe."

"Mzee, hapana. Hilo hatuamui kwa kuombwa na ndugu. Tuliamua sisi. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa mkali, pengine tungefika hapahapa." Alisema kwa upole, na huenda alisema kweli. Lakini Fundi hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anawaza kwamba mjini kote, katika watu wote ambao wangeweza kusimama pale kando ya kitanda siku ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na somo hilo mdomoni. Alilihubiri kwa wenye maduka, kwa watawa, kwa meneja wa kiwanda cha soda. Siku lilipotakiwa kwa mkewe, alilia akaomba kinyume chake.

Tangu hapo alikonda. Binti alidhani ni chakula, akawa anamletea cha ziada, nacho kinarudi vilevile. Hakumwambia binti habari ya siku ile ya pili, wala hakumwambia mkewe. Kila saa kumi jioni geti la wageni lilipofunguliwa aliingia, akanawa mikono, akavaa joho la bluu la hospitali, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuishika mikono ya mwalimu, ambayo ilikuwa imeisha mpaka pete waliivua. Mwalimu hakuweza kuinua kidole. Miguu hivyohivyo. Uso tu ndio uliobaki na kazi, macho na nyusi. Walikubaliana lugha: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa lugha hiyo ya maneno mawili mwanamke yule msemaji aliwajulisha kuwa anasikia kiu, kuwa mgongo unauma, na kuwa hataki mwalimu mkuu aje kumwona akiwa hivyo.

Ijumaa daktari alisema wataacha kumjaribu kwa siku kadhaa, ale kwa mpira wa puani apate nguvu, kisha Jumatano waamue. Akionyesha dalili ya kuvuta mwenyewe, bomba litatolewa. Asipoonyesha, watamtoboa shingo, mashine iunganishwe hapo, na hiyo, akasema bila kuzunguka, inaweza kuwa safari ndefu isiyo na mwisho, maana mashine ya kwenda nayo nyumbani hatuna.

Jumapili ndipo alama zilipotokea.

Kwenye kioo cha mashine kila pumzi ilichora kilima. Sista wa miwani aliwahi kuwaeleza zamani: kilima cha kijani chote, mashine imeamua yenyewe. Kilima chenye ncha nyekundu mwanzoni, mgonjwa ameomba. Amevuta kidogo, mashine ikasikia, ikampa. Kwa wiki nzima vilima vilikuwa vya kijani. Jumapili binti alikuwa anampaka mama mafuta miguuni, akainua kichwa, akaona wekundu. Akadhani macho yake. Ukaja mwingine. Na mwingine.

"Baba! Anaomba! Mama anaomba mwenyewe!"

Furaha iliyokuwepo pale usiniulize. Binti alitoka nje kuwapigia shangazi zake simu, akarudi, akatoka tena. Jumatatu walimu wenzake wakaja wawiliwawili, wakavaa yale majoho, wakasimama mbele ya kioo wakihesabu ncha nyekundu huku wamezibana sauti, na mmoja akalia. Daktari alipopita alitazama kioo, akatazama faili, simu yake ikaita, akasema, "Vizuri, vizuri sana. Jumatano asubuhi tunatoa bomba," akakimbia kwenye kitanda kingine. Fundi alienda chooni, akafungua maji ya bomba yasikike, akalia kwa kwikwi. Hakika alijiona amesamehewa.

Mwalimu mwenyewe hakuonyesha lolote. Aliwatazama tu. Walisema amechoka na kazi ya kuvuta.

Jumanne binti alikuwa na bibi harusi wa kumsuka, akasema atachelewa. Fundi alikuwa peke yake saa kumi. Alikaa kwenye kiti chake, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuongea naye, akaanza kutazama mitambo, kama ilivyo desturi ya fundi yeyote aliyekosa la kufanya. Aliifuata mipira miwili mieupe, ule wa kupeleka hewa na ule wa kuirudisha. Aliona kile kikombe cha kupashia hewa joto na unyevu kabla haijaingia kifuani. Halafu akaona kwamba mpira mmoja umelegea katikati, umening'inia chini ya ukingo wa kitanda, na kwenye ule mlegeo kuna maji.

Hayakuwa mengi. Pengine nusu kikombe cha kahawa. Yalikuwa yanachezacheza, yanapanda upande mmoja, yanarudi. Fundi aliyatazama. Kisha akainua macho kwenye kioo.

Maji yakatikisika. Ncha nyekundu.

Maji yakatulia. Kilima cha kijani.

Maji yakatikisika. Ncha nyekundu.

Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Maji yakikaa kwenye bomba la hewa yanasukuma na kuvuta, na geji yoyote duniani itasoma huko kutikisika na kudhani kuna kitu kinafanya kazi. Alishawahi kuitwa na watu usiku kwa sababu hiyo hiyo. Akageuza shingo kutafuta ubaridi unatoka wapi, maana hewa ya moto haitoi jasho ndani ya mpira bila sababu, akakiona kiyoyozi cha ukutani, kinapuliza moja kwa moja juu ya kitanda cha mwisho. Kilikuwa kibovu tangu wafike. Kilitengenezwa Jumamosi.

Hapo Fundi alitamani angekuwa muuza vitambaa, kinyozi, mtu yeyote asiyejua. Alikaa na siri ile labda dakika tano, na katika dakika tano hizo shetani alimwambia mengi. Kwamba huenda anakosea. Kwamba huenda baadhi ya zile nyekundu ni za mwalimu kweli. Kwamba furaha ya binti yake si yake kuibomoa. Lakini kesho asubuhi bomba lingetolewa kooni kwa mtu asiyevuta, kwa ushahidi wa maji. Akanyanyuka.

"Sista. Hebu njoo uone mpira huu."

Sista wa miwani alikuja na sindano mkononi. "Mzee, usiguse."

"Sijagusa. Mna maji humu."

"Yapo, huwa tunayamwaga. Leo tuko wawili kwa vitanda vinane, nitayamwaga."

"Yamwage sasa," Fundi akasema, "halafu utazame kioo. Tafadhali, sista."

Alikuwa na sauti ambayo ilimfanya mama yule aweke sindano chini. Akaunyanyua mpira kwa mikono miwili, akauinamisha taratibu, maji yakatambaa hadi kwenye kichupa chake cha kukusanyia yakaanguka humo. Wote wawili wakatazama kioo. Kijani. Kijani. Kijani. Fundi alihesabu hadi arobaini. Sista alivua miwani akaifuta kwenye nguo, akaivaa, lakini kioo hakikubadilika.

"Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo, akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuja na kijigeji cha mviringo, mshale wake umesimama kwenye sifuri. Fundi alikijua. Cha kwake, cha kupimia uvutaji wa pampu, kilikuwa kikubwa zaidi na kimejaa grisi, ila ni ndugu mmoja. Wakamtenga mwalimu na mashine kwa sekunde chache, wakaunganisha geji kwenye bomba la kooni, na daktari akainama karibu na sikio lake.

"Mwalimu, vuta! Vuta kwa nguvu zako zote! Vuta, vuta, vuta!"

Mwalimu alivuta. Hilo Fundi angeliapia mbele ya yeyote. Macho yalimtoka, nyusi zikapanda hadi kwenye nywele, mishipa ya shingo ikasimama, mwanamke mzima akageuka kuwa juhudi tupu kitandani. Mshale ukasogea kidogo. Ukasimama kwenye nne.

Walimrudisha kwenye mashine. Wakamjaribu mara ya pili. Mshale ukaishia kwenye tatu.

"Tunahitaji ngapi?" Fundi akauliza, ingawa sura ya daktari alikuwa ameshaisoma.

"Angalau ishirini."

Daktari aliukunja mpira mdogo wa geji, akaukunjua, akaukunja tena. Alisema kesho bomba halitoki. Alisema kama si jicho la Fundi, kesho wangelitoa, na huenda wangechelewa kulirudisha. Alisema asante. Fundi aliipokea ile asante kwa kuinamisha kichwa kwa sababu hakujua aiweke wapi. Akaomba kitu kimoja tu, kwamba binti aambiwe na yeye mwenyewe. Daktari akakubali, akaondoka na mwendo wake wa haraka, ila safari hii alijikwaa kwenye mlango.

Wakabaki wawili, mume na mke, na mashine katikati.

Fundi alivuta kiti mpaka magoti yakagusa chuma cha kitanda. Mwalimu alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa na machozi ya ile kazi ya kuvuta, na mume akayafuta kwa ncha ya joho.

"Mwalimu. Zile alama ulikuwa unajua si wewe?"

Akafumba mara moja.

"Tangu Jumapili?"

Mara moja.

Alikuwa anajua. Bila shaka alijua. Nani atajua zaidi kama anavuta au havuti. Siku tatu nzima watu wamesimama mbele ya kioo wanamsifu kwa kazi ambayo hajaifanya, naye hana ulimi wa kuwakatiza. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize uongo mbele yake, hata mkaguzi wa shule.

Fundi akaona kama si sasa hatasema tena maishani. Akausogeza mdomo kwenye sikio lake, na maneno yakatoka kwa kukwamakwama, kama maji ya bomba lililokaa kavu siku nyingi.

"Siku ya pili, ulipokuwa unapigana na mashine. Ni mimi niliyewaambia wakupumzishe. Niliona unateseka, Mwalimu. Sikuweza. Nikawaambia iachwe mashine ifanye yote, na wewe ulale. Mimi. Na dakika kumi zangu zote. Daktari anasema si mimi, lakini mimi pampu nazijua, hawezi kunidanganya." Akaushika mkono wake. "Utanisamehe?"

Akarudi nyuma ili auone uso wake. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akafumba macho.

Fundi akangoja ayafumbue, ajue kama ni mara moja au anarudia ya pili. Alingoja akiwa amejiinamia, mikono kwenye chuma. Macho hayakufumbuka. Ile kazi ya geji ilikuwa imemmaliza, na usingizi ulimchukua pale pale, katikati ya jibu. Fundi aliendelea kungoja hata alipojua kwamba amelala.

Saa ilikwenda. Kiyoyozi kiliendelea kupuliza. Sista alikuwa ameufunika mpira kwa taulo kuukinga na ubaridi, lakini taulo lilikuwa limeteleza, na Fundi hakuwa na moyo wa kutazama mitambo tena.

Binti aliingia mbio, joho limevaliwa kinyume, vidole bado vinanukia mafuta ya nywele. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo Baba. Yule bibi harusi ana kichwa cha shamba zima, nikadhani sitafika. Mama hajambo? Nimemletea viatu vyake, vile vyeusi. Kesho wakitoa bomba si wataanza kumkalisha, na sakafu hii ilivyo baridi." Alikuwa anavitoa kwenye mfuko huku anaongea, amevipiga rangi vinang'aa. Akavipanga chini ya kitanda, visigino vimeelekea ukutani, kama vilivyokaa nyumbani.

"Mwanangu," Fundi akaanza, "kaa kwanza."

"Baba, ona!"

Alikuwa anaelekeza kidole kwenye kioo. Fundi alitazama mpira kabla ya kutazama kioo. Kwenye mlegeo, chini ya taulo lililoteleza, maji yalikuwa yamekusanyika upya. Yalitikisika. Ncha nyekundu ikachomoza.

"Leo zimezidi! Baba, leo anaomba karibu kila pumzi!"

Fundi akafungua mdomo. Mwalimu alikuwa ameamka. Kelele za binti zilimwamsha, na sasa alikuwa amekaza macho kwa mumewe, wala si kwa binti. Alifumba. Akafumbua. Akafumba tena. Mara mbili. Alirudia polepole, ili Fundi asije akasema hakuelewa: mara mbili, hapana.

Maneno yakamrudi Fundi kifuani.

"Haya Mama, tufanye mazoezi ya kesho," binti akasema. Alikuwa amepiga magoti kando ya mto, mkono mmoja kwenye nywele za mama yake, macho kwenye kioo. "Vuta. Vuta, Mama. Hiyo! Umeona, Baba? Vuta tena. Hiyo!"

Na kila alipoita "hiyo", mwalimu aliinua nyusi. Alikuwa anasikiliza sauti ya binti, akizipandisha kwa wakati, kama mtu anayevuta kwa nguvu zake zote. Maji yalitikisika, ncha nyekundu ikatoka, binti akapiga kelele ya furaha, mama akainua nyusi. Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso kwa kazi hiyo. Hakuacha.

Fundi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Kengele ya kumaliza muda wa wageni ikilia watatoka nje, watapita geti, na pale kwenye kituo cha magari atamshika binti yake mkono na kumwambia yote, la maji, la geji, la mshale kusimama kwenye nne, na lile la siku ya pili pia. Kabla ya hapo hakuwa na haki ya kusema kitu.

"Hiyo! Baba, unaona?"

"Naona, mama," akasema.

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, viatu vyeusi karibu na mguu wake, akaziacha zile dakika ziishe zote.